Nyusi Hazijauliza

Mhamasishaji alikuwa kijana nadhifu, suti ya bluu imembana mabegani, kalamu ya ubaoni anaizungusha vidoleni kama mchunga ng'ombe na fimbo yake. Tulikuwa tumeshakunywa supu na chapati za asubuhi, tumekaa kwenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, tunasubiri semina ya mawasiliano kazini iishe tusaini posho. Akaandika ubaoni namba kubwa: 93. "Asilimia tisini na tatu ya mawasiliano ya binadamu," akasema, "si maneno. Ni mwili!" Akanyamaza kidogo ili ituingie. Ikatuingia. Na mimi nilipiga makofi, nikaiandika daftarini, nikaizungushia duara.

Jioni, saa kumi na moja, nilishuka kwenye daladala nikapitia kwa fundi wangu wa nguo hapa mtaani kwetu Temeke. Nilikuwa na gauni la sare ya harusi. Fundi huyu ni kiziwi tangu kuzaliwa, na ana mkono mwepesi kuliko mafundi wote niliowahi kuwapelekea kitambaa. Nilipomwona anabishana na mwenzake kwa mikono, vidole vinakimbia, uso unabadilika kila nukta, nikajisemea: kumbe bingwa wa ile asilimia 93 ni huyu hapa, jirani yangu.

Nilikosea. Imenichukua karibu miaka miwili kujua nilikosea wapi.

Kwanza niseme nilivyokuwa naongea naye. Nilikuwa naongea naye kama mtaa mzima unavyoongea naye: tunapanua mdomo, tunapaza sauti (ndiyo, tunampazia sauti kiziwi), halafu tunachora hewani. Nikitaka mikono mirefu, najipiga kiganja kwenye kifundo cha mkono. Nikitaka gauni libane, najishika kiuno navuta pumzi. Tukishindwana kabisa anatoa karatasi na ile kalamu ya kuchorea vitambaa, anaandika: "Kesho wewe kuja gauni kwisha pesa baki." Nikawa naamini alisoma kidogo. Baadaye nikajua amemaliza kidato cha nne, na kwamba Kiswahili kwake ni lugha ya pili ambayo hajawahi kuisikia hata siku moja. Hebu jiulize ungeandika Kichina namna gani kama ungejifunza kwa kutazama midomo ya Wachina ikifunguka na kufungwa nyuma ya kioo.

Ile 93 nayo ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, nikaitafuta inakotoka. Kumbe ina mwenyewe. Ni Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye mwaka 1967 alichapisha na wenzake tafiti mbili ndogo. Katika mojawapo walirekodi neno moja tu la Kiingereza, lile lenye maana ya "labda", likatamkwa kwa sauti ya kupenda, ya kuchukia, na ya mtu asiyejali. Wakawasikilizisha watu huku wakiwaonyesha picha za nyuso, wakawauliza: msemaji anampenda anayeongea naye, au hampendi? Sauti ikisema hivi na uso ukasema vile, watu waliuamini zaidi uso. Walipounganisha tafiti zote mbili zikapatikana asilimia 7 za neno, 38 za sauti na 55 za uso. Mehrabian mwenyewe ameeleza wazi kwamba hesabu hiyo inahusu mtu anapoonyesha hisia za kupenda au kuchukia, basi. Wahamasishaji wamejumlisha 38 na 55, wakatembea nazo dunia nzima.

Nakubali kwamba "labda" ina mambo yake. Mswahili akikwambia "tutaona" huku anatazama pembeni na kujikuna shingo, huhitaji mtafiti. Lakini jaribu kumwelekeza mgeni kutoka Temeke hadi Muhimbili kwa asilimia 93 za uso na sauti, maneno umwekee 7 tu. Utampoteza kabla hajafika Keko.

Nisionekane nadharau mwili. Nimelelewa Tanga na bibi ambaye angeweza kuendesha nyumba ya watu kumi bila kufungua mdomo. Jicho la kwanza lilimaanisha acha. Jicho hilohilo likifuatwa na kidevu kuelekea jikoni lilimaanisha kuna wageni, kawashe moto, na usiulize. Midomo ikibetuliwa upande mmoja ilikuwa inaelekeza: kule, yule, kile, kwa sababu kumwonyesha mtu kidole ni ukosefu wa adabu. Misonyo yake ilikuwa na madaraja. Mfupi ulikuwa wa nyanya zilizooza chini ya fungu. Mrefu, ule unaoanzia kwenye jino la mwisho, ulitengwa kwa ajili ya mume wa jirani. Na mgeni aliyechokwa hakuambiwa lolote; alianza tu kuona chai inachelewa na mazungumzo yanakatika. Akufukuzaye hakwambii toka.

Hata nguo zilisema. Siku bibi alipokorofishana na mama wa nyumba ya pili, alifua kanga yake ya "Hasidi hana sababu", akaianika kwenye kamba inayotazama ua wa mwenzake, jina likiwa nje, limenyooshwa vizuri lisomeke. Kamba nyingine ilikuwa tupu kabisa.

Lakini hayo yote nilifundishwa, tena mengine kwa kofi. Siku moja nilikuwa namweleza shangazi urefu wa mtoto wa jirani, nikaweka kiganja hewani kimetazama chini. Bibi akanipiga mkono. Kiganja cha kutazama chini ni cha kuonyesha mbuzi, akasema. Mtoto wa mtu usimkandamize, ataacha kukua. Akanikamata kiganja akakigeuza juu. Siku nyingine nilikuwa nagombezwa nikamtazama usoni, kwa heshima kabisa, nikidhani ndivyo. "Unanitolea macho? Umekuwa mwenzangu?" Tangu hapo nikigombezwa naangalia vidole vya miguu yangu. Sasa mhamasishaji wetu anasema asiyekutazama machoni anaficha kitu. Kwa sheria yake hiyo, kila mtoto aliyelelewa vizuri Tanga ni mwizi.

Msonyo ndio umenishangaza zaidi, kwa jinsi ulivyosafiri. Ulivuka Atlantiki pamoja na watu waliotekwa na kuuzwa kutoka Afrika, na hadi leo uko Jamaika, Trinidad na Guyana, umebadilika jina tu. Wafaransa wenye asili ya Afrika na visiwa vya Antili huuita tchip, na mwaka 2015 baadhi ya shule za Ufaransa ziliupiga marufuku. Nilicheka niliposoma. Watu wamepokonywa majina, dini na lugha, msonyo ukapita mpakani bila kukaguliwa, halafu karne kadhaa baadaye mwalimu mkuu anaukuta darasani. Bibi angeipokea habari hiyo kwa msonyo wa daraja la juu.

Mjomba wangu naye alisoma Sofia, Bulgaria, miaka ya themanini, enzi zile vijana wetu walipokuwa wakipelekwa nchi za kijamaa kusomea kilimo na uhandisi. Wabulgaria wana desturi ya kutikisa kichwa kushoto na kulia wanapokubali, na kukipandisha juu wanapokataa. Mjomba hakujua. Wiki ya kwanza aliingia dukani, akauliza kwa Kibulgaria chake cha kubahatisha kama mkate upo, mama muuzaji akatikisa kichwa huku anatabasamu, mjomba akashukuru akaondoka. Akaenda la pili, hivyo hivyo. Alilala njaa katika mji uliojaa mikate.

Kisha kuna Kondoa, ambako niliwahi kukaa mwaka mmoja kwa kazi ya mradi. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na sisi huitaja namba hiyo kama tunavyotaja aina za maembe: nyingi, tamu, endelea. Kondoa ndipo nilipoona wingi huo una maana gani. Koo nne za lugha za Afrika zimekutana pale na wilaya za jirani, na si mahali pengi barani utakapoziona zikipanda gari moja. Warangi wanasema lugha ya Kibantu. Waburunge na Waalagwa wanasema lugha za Kikushi, ndugu za mbali za Kisomali. Wabarabaig ni Waniloti, kama Wamasai. Halafu kuna Wasandawe.

Kisandawe kina vidoko. Unakijua kidoko: ule mlio wa ulimi unaobanwa mdomoni ukaachiwa ghafla. Bibi alikuwa na vidoko viwili, kimoja cha kumsikitikia aliyefiwa na kimoja cha kumhimiza punda. Kwake vilikuwa vitu vya pembeni, kama kukunja uso. Kwa Msandawe kidoko ni konsonanti, sawasawa na b au k yako, na ukikibadilisha umebadilisha neno. Hivyo hivyo kwa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao ni kama watu elfu moja tu na lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote duniani. Nilikaa chini ya mti nikisikiliza wamama wawili wa Kisandawe wakizungumza, na kwa dakika kadhaa nilidhani mmoja wao anamhurumia mwenzake kupita kiasi. Alikuwa anamwelekeza kisima.

Jambo hilo nililiweka kichwani bila kujua litanifaa. Mlio uleule wa ulimi ni mguno kwenye mdomo mmoja, na ni herufi kwenye mdomo mwingine.

Pale pale Kondoa, mnadani, nilitaka kununua mbuzi kwa mzee mmoja ambaye Kiswahili hakikuwa kinamtoka vizuri. Nikafikiri vidole havina lugha. Nikainua vitatu. Yeye akaupindisha mkono kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, vidole vingine vimekunjwa, kingine kimelazwa, akautikisa mara moja. Nikaongeza kidole kimoja. Akarudia vilevile, safari hii kwa hasira kidogo. Kijana aliyesimama karibu akaniokoa: "Dada, amesema nane." Nililipa kwa aibu. Nilikuwa nimetafsiriwa vidole, na tafsiri yenyewe ilikuwa ya lazima kama ya Kijerumani.

Turudi Temeke. Sikuanza kujifunza lugha ya alama kwa moyo mwema. Nilianza kwa sababu gauni la harusi lilitoka na mikono ya kujaa nisiyoiomba, na nilipofika kulalamika nilikosa namna ya kulalamika. Kugombana kwa kupanua mdomo kunachosha. Nikamwambia, kwa karatasi, anifundishe. Akanitazama kuona kama natania, kisha akasogeza fulana zilizorundikwa kwenye benchi karibu na ovaloki, akanipa nafasi ya kukaa. Jioni mbili kwa wiki, baadaye tatu. Jumapili wanakuja wenzake, sita au saba, na hapo ndipo panakuwa na kelele za mikono hata wewe unayesikia unataka kuziba macho.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa hili. Nilikuwa nimeshajua alama ya "gauni" na alama ya "tayari". Nikaja jioni, nikaziweka pamoja, nikasubiri jibu. Yeye akageuka kutazama rafu, akapekua mifuko, akarudi amekunja uso. Nikarudia. Akarudia kutafuta. Ikachukua muda tukaelewana: nilikuwa namtangazia kwamba gauni liko tayari, naye alikuwa anajiuliza nani amelishona. Akainuka, akaweka kidole gumba kimoja kwenye kila unyusi wangu, akazisukuma juu. Akaniachia. Akafanya alama: sasa umeuliza.

Kule nyuma, mbele ya ubao wa 93, nilifundishwa kwamba uso ni mahali pa hisia. Kwa fundi uso una kazi ya ziada. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikipanda sentensi inakuwa swali la ndiyo au hapana. Zikikunjwa inakuwa swali la nani, wapi, lini. Ni "je" yao. Ni ile sauti tunayoipandisha mwishoni tukisema "Umekula?" ili isisikike kama taarifa. Unaweza kuwa na furaha tele moyoni na nyusi zako zikakunjwa kama za hakimu, kwa sababu tu unauliza saa. Na mimi miaka yote nilikuwa namwona fundi anakunja uso nikadhani hanipendi, kumbe alikuwa ananiuliza gauni nalitaka lini.

Baada ya nyusi zikaja ngeli. Naziita ngeli kwa makusudi. Unajua jinsi Kiswahili kisivyokuruhusu kusema kitu hadi ujue kiko kundi gani: kiti kimevunjika, mti umevunjika, jiwe limevunjika. Mikono ya fundi ina kitu cha jamaa hiyo. Mtu aliyesimama ana umbo lake la mkono, gari lina lake, kitu bapa kina lake, kitu cha mviringo kina lake, na ukishamtaja mhusika mara moja, lile umbo linabaki kumwakilisha, linatembea, linageuka, linagongana na maumbo mengine. Siku moja alinisimulia ajali aliyoiona njia panda. Mkono wa kulia ukawa bodaboda. Wa kushoto ukawa daladala, ukasimama. Bodaboda ikaja kutoka nyuma, ikapenya, ikayumba. Daladala nyingine ikatokea pale pale ambapo ya kwanza iliondoka. Uso wake ukawa uso wa dereva, kisha wa abiria, kisha wa mama muuza karanga aliyeona sinia lake linaruka. Hakuna kitu alichokisema kimoja baada ya kingine kama mimi ninavyolazimika kuandika hapa. Vilikuwa vinatokea pamoja, kila kimoja mahali pake. Nilijaribu kumsimulia mume wangu usiku, kwa Kiswahili sanifu, nikatumia dakika kumi na akaniuliza, "Sasa pikipiki ilikuwa upande gani?"

Tuna vile vineno vyetu tunavyovipenda: nyeupe pe, nyeusi tii, giza totoro, kalala fofofo, ndoo imejaa pomoni. Nilimuuliza fundi anafanyaje kwa "nyeupe pe". Akaonyesha alama ya nyeupe, kisha akairudia kwa pigo kali zaidi, macho yamebanwa kama anayetazama jua, mashavu yamevutwa ndani. Nikacheka kwa sauti. Ile ilikuwa pe.

Ninayoyaeleza si ugunduzi wangu. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zinajengwa kwa vipande vidogo visivyo na maana peke yake: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Badili kimoja, umebadili neno, kama vidoko vya Kisandawe. Wengi hawakumwamini, wakiwemo wenzake chuoni. Mkono kwao ulikuwa mguno.

Na kwa kuonekana mguno tu, mkono uliadhibiwa. Mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walikutana Milano, Italia, wakapiga kura kwamba watoto viziwi wafundishwe kusoma midomo na kutamka, na alama zitoke madarasani. Kura ile ilitawala shule nyingi za Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, na kivuli chake kilifika hadi kwetu. Fundi ananionyesha nyuma ya kiganja chake akisimulia mwalimu mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, aliyewachapa rula kwenye vidole wakikutwa wanaongea kwa alama. Waliongea bwenini usiku, penye mbalamwezi. Ilichukua hadi mwaka 2010, mjini Vancouver, kwa mkutano wa kimataifa wa walimu hao kusema rasmi kwamba wanajutia uamuzi wa Milano. Miaka 130.

Shule ya kwanza ya viziwi hapa nchini ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Zikafuata nyingine, Buguruni hapa Dar, Mwanga kule Kilimanjaro, na kila moja ikakuza alama zake. Ndiyo maana Jumapili kwenye benchi la fundi mnatokea mabishano: mmoja anaonyesha neno hivi, mwingine anamcheka, anamwambia hiyo ni ya shule yenu. Lahaja kabisa, kama Mmvita na Muunguja. Ukimwangalia fundi vizuri utamjua alikosomea kabla hajakwambia.

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hufikiri lugha ya alama ni moja dunia nzima. Ingekuwa rahisi, mkono si mkono? Umoja wa Mataifa hutaja lugha za alama zaidi ya 300. Mmarekani kiziwi na Mwingereza kiziwi, wanaosoma magazeti ya lugha moja, wakikutana hawaelewani kwa alama. Mmarekani ataelewana kidogo zaidi na Mfaransa, kwa sababu shule iliyofunguliwa Hartford mwaka 1817 ilianza na mwalimu kiziwi kutoka Paris, Laurent Clerc, aliyekuja na alama zake melini. Ramani ya lugha za viziwi haifuati ramani ya wakoloni wetu. Nimeipenda hiyo.

Kisa ninachokipenda zaidi kiko Nicaragua. Hadi miaka ya sabini viziwi wa nchi ile waliishi wametawanyika, kila mtoto nyumbani kwao na ishara chache za kuombea maji na chakula. Mwaka 1977 kikafunguliwa kituo mjini Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 wanafunzi viziwi wakaongezeka hadi mamia. Walimu waliwafundisha kusoma midomo ya Kihispania, wakashindwa. Lakini uwanjani, na kwenye basi la shule, watoto walichanganya ishara zao za nyumbani. Wadogo waliokuja baadaye wakaichukua ile chapwa, wakaitia sarufi. Mwaka 1986 wizara ilimwita mwanaisimu wa Kimarekani, Judy Kegl, aje kueleza watoto wanafanya nini. Walikuwa na lugha. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha, na walimu wao wenyewe hawakuielewa.

Kwa upande wetu wa dunia, Uganda iliitaja lugha ya alama katika katiba yake ya 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Kenya imeiweka katika Katiba ya 2010, na kifungu cha 120 kinaifanya mojawapo ya lugha tatu rasmi za bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Wao huiita lugha ya ishara; sisi tunasema alama. Nimeanza kupendelea alama, pengine kwa sababu ishara inaniletea picha ya bibi na kidevu chake. Na neno bubu tuliache. Fundi analijua kwa kulisoma kwenye midomo, ndilo neno analolisoma haraka kuliko yote, na ukimwuliza atakwambia kwamba anaongea sana, wateja ndio hawaongei.

Mwezi uliopita wenzake wa Jumapili wamenipa jina. Viziwi hawakuiti kwa kutamka herufi za jina lako kila mara. Wanakutazama kwa muda, wanaamua, wanakupa alama. Jina haliombwi. Nilikuwa natumaini kitu cha heshima, labda macho, labda tabasamu. Jina langu ni vidole viwili vinavyobana kiuno, kwa sababu tangu siku ya kwanza kila nguo nadai ipunguzwe. Wakaangua kicheko, kile cha kwao cha mwili mzima, na nikaambiwa sasa siwezi kulibadilisha.

Juzi nilikuwa pale kuchukua sketi, saa mbili usiku. Fundi alikuwa katikati ya maelezo marefu kuhusu zipu, umeme ukakatika. Likitokea giza mtaani kwetu sisi tunaosikia ndiyo kwanza tunaanza kuongea: watoto wanapiga yowe, majirani wanaitana, mtu analaani shirika. Kwa fundi giza linazima na mazungumzo. Alibaki na mikono hewani, nikaihisi zaidi ya kuiona. Nikatoa simu, nikawasha tochi, nikammulika mikono, nikijiona mwerevu. Hakuendelea. Alinishika kifundo cha mkono, akaupandisha mwanga taratibu kutoka vidoleni hadi kwenye paji la uso wake, akaubakiza pale. Kisha kwa mkono mmoja, ule wa pili ukiwa bado umenishika, akasema: pesa, leo.

Nyusi zikapanda.